Somo la Afya: Kidonda na Mgonjwa wa Kitandani ni Kazi ya Kikundi Kizima



Kabla ya somo, niwasimulie jambo moja lililonifunza mimi mwenyewe.

Katika kikundi kimoja cha akina mama hapa Machakos, mwanachama mmoja alikosa mikutano mitatu mfululizo. Sheria ni sheria, akatozwa faini. Alipokosa mara ya nne tukaenda kwake. Tulimkuta amechoka mpaka macho yameingia ndani. Mama mkwe wake, susu aliyeanguka akavunjika nyonga, alikuwa amerudishwa nyumbani na amelala chali wiki nyingi. Chini ya mgongo palikuwa na kidonda cha kuingia yai la kuku. Ndani yake pamemwagwa unga wa kapsuli zilizonunuliwa dukani.

Yule mama akatuambia, "Nafanya yote ninayojua. Lakini sina hata mtu wa kunisaidia kumgeuza." Na sisi ndio tulikuwa tumemtoza faini!

Basi somo la leo lina sehemu nne. Someni pamoja, mmoja asome kwa sauti, wengine waulize.

1. KIDONDA KIPYA

Tukichimba mitaro ya fanya juu, jembe au panga huweza kumkata mtu wakati wowote. Fanyeni hivi:

(a) Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayomiminika. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis, kule Vienna, aliwalazimisha madaktari wanawe mikono kwa dawa kabla ya kuwashika akina mama wanaojifungua, na vifo vikapungua sana. Vaa glavu pia. Zamani tulivaa mifuko ya plastiki mikononi, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hivyo kikundi kinunue glavu.

(b) Damu ikitoka, bonyeza kwa nguvu na kitambaa safi kwa dakika 10. Usichungulie kila mara. Kama ni mkono au mguu, uinue juu. Damu ikizidi, endelea kubonyeza huku mnamkimbiza hospitali.

(c) Osha kidonda kwa maji safi mengi mpaka mchanga utoke. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kidogo 1 cha chumvi, funika, yaache yapoe. Yatumie siku hiyo hiyo. Kama hayako tayari, maji safi ya kunywa yanatosha. Usingoje.

(d) Funika kwa bendeji, au kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kikachemshwa na kukaushwa vizuri. Badilisha kikilowa au kikichafuka. Wengi husema kidonda kiachwe wazi kikauke. Sivyo. Kilichofunikwa hupona upesi zaidi, na nzi hawakifikii.

(e) Nenda dispensari kuuliza sindano ya pepopunda, hasa kama kidonda ni kirefu au kimeingia udongo. Ukiumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji dakika 15 kamili, kisha nenda siku hiyo hiyo ukachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa.

USITIE kitu hiki: udongo, mavi ya ng'ombe, majivu, mafuta taa wala grisi. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na mavi ya wanyama, kwa hivyo ukivitia kidondani umevipandia shamba. Na kapsuli ni za kumezwa, kwa amri ya daktari. Unga wake hukauka juu kama ukoko, usaha ukabaki chini umejificha.

2. KIDONDA CHA KULALA

Mtu asiyeweza kujigeuza, uzito wake hubana nyama kati ya mfupa na kitanda. Damu haipiti, na nyama hufa. Kwa hivyo kidonda hiki huweza kuanza ndani kabla hujakiona nje. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kila siku mwangalie chini ya mgongo, nyonga, visigino, viwiko, mabega na nyuma ya kichwa. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje kuona wekundu. Tafuta mahali palipo peusi zaidi, pana joto, pamekuwa pagumu au panauma. Ukipaona, usipalalie tena na usipasugue.

Mgeuze kila baada ya saa 2: ubavu huu, chali, ubavu ule. Weka mto au blanketi lililokunjwa katikati ya magoti, na lingine chini ya miguu ili visigino vining'inie. Usimburute, kwa maana ngozi huchunika. Watu wawili wamwinue kwa shuka iliyokunjwa chini yake. Shuka isiwe na mikunjo wala makombo. Akijikojolea, msafishe mara moja na kumkausha. Aliyevunjika nyonga au mgongo, hospitali iwaonyeshe kwanza jinsi ya kumgeuza.

Nyama mpya hujengwa na chakula. Muthokoi wenye maharagwe, ndengu, mbaazi, mayai, maziwa, papai na embe, vyote tunavyo. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na maji ya kunywa pia.

3. NENDENI HOSPITALI UPESI kama:

- kuna homa, usaha, harufu mbaya, au uvimbe unaoenea;
- maumivu yanazidi badala ya kupungua;
- nyama imekuwa nyeusi, au mfupa unaonekana;
- taya linakaza, au mwili unakakamaa;
- kidonda hakionyeshi dalili ya kupona baada ya wiki 2;
- mgonjwa ana ugonjwa wa sukari na ana kidonda cha mguu, hata kiwe kidogo.

Kidonda kisichopona, pimeni sukari. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba ya vifaa na Serikali mwaka 2023. Mjue wa kijiji chenu, mwiteni mapema.

4. HESHIMA NA ZAMU

Mgonjwa ni mtu, si mzigo. Msalimu kwanza. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Funga mlango, mfunike sehemu usiyoiosha. Muulize ni nani angependa amwoshe, maana susu mwingine hatakubali kuoshwa na mjukuu wa kiume. Kama kidonda kinauma, ulizeni daktari dawa ya kumeza nusu saa kabla ya kukisafisha.

Na anayemtunza naye ni mtu. Asipolala, atamwinua mgonjwa vibaya, atasahau kunawa, atakasirika. Sisi Wakamba tuna mwethya. Kwa mwethya tumechimba mitaro na mabwawa ambayo mtu mmoja hangeweza. Kumgeuza mgonjwa kunahitaji watu wawili tu!

Kile kikundi kilifanya hivyo. Susu alipelekwa hospitali, nyama iliyokufa ikaondolewa, nyumbani wakapanga zamu: wawili asubuhi, wawili mchana, wawili jioni, na usiku jamaa wakagawana. Faini ilirudishwa. Kidonda kilichukua miezi, lakini kilifunga. Susu hakutembea tena, ila kila asubuhi alikuwa akiuliza, "Leo ni zamu ya nani?"

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani kwetu hajaonekana mkutanoni karibuni? Tumemtembelea?
2. Nyumbani kwako hutiwa nini kwenye kidonda? Kinasaidia au kinadhuru?
3. Kikundi kinaweza kununua sanduku moja la glavu, bendeji na sabuni? Litakaa kwa nani?
4. Andikeni orodha ya zamu leo, kabla mtu hajaugua.