Diski Inaposema Hapana: Kuokoa Kumbukumbu za Wagonjwa Kutoka Kompyuta Iliyoharibika

Chukulia zahanati ndogo ya binafsi katika kata ya Goba, Manispaa ya Ubungo, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Kinondoni. Usiku umeme umekatika na kurudi kwa nguvu. Asubuhi kompyuta ya mapokezi haiwaki. Ndani yake mna jedwali la wajawazito wanaofuatiliwa: majina, namba za simu, tarehe za kurudi kliniki, na alama nyekundu mbele ya wenye shinikizo la juu la damu. Kila mama ana kadi yake ya kliniki, na takwimu za mwezi zimekwisha kutumwa kupitia MTUHA. Lakini kadi iko nyumbani kwa mama, na takwimu hubeba idadi, hazibebi majina. Orodha ya nani apigiwe simu wiki hii iko katika diski ile peke yake.

Fundi anaichomoa diski kuu na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya wa USB. Folda zinaonekana. Muuguzi anapobofya folda yenye jina lake, ujumbe wa Kiingereza unatokea: "Access is denied", yaani ufikiaji umekataliwa. Hapo wengi hudhani kuwa faili zimeharibika au zimeshambuliwa na virusi, na wengine hukubali ushauri wa kuifomati diski. Ushauri huo ndio unaopoteza kumbukumbu. Ujumbe wenyewe haujapoteza kitu.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumishi wa afya ataweza kueleza maana ya katazo hilo, kufuata hatua salama za kunakili faili, na kutambua wajibu unaofuata baada ya uokoaji.

Chanzo cha katazo

Windows huhifadhi faili kwa mpangilio uitwao NTFS, ulioanza kutumika mwaka 1993. Katika mpangilio huo kila faili hubeba, pamoja na maudhui yake, utambulisho wa mmiliki na orodha ya wanaoruhusiwa kusoma, kuandika au kufuta. Mmiliki haandikwi kwa jina la kawaida, bali kwa namba ndefu iitwayo SID, ambayo kwa akaunti za watumiaji wa kawaida huanza na S-1-5-21. Kompyuta huiunda namba hiyo pale akaunti inapofunguliwa. Kwa hiyo "Muuguzi" wa kompyuta ya zamani na "Muuguzi" wa kompyuta mpya ni watumiaji wawili tofauti, hata kama nywila yao ni moja. Ni sawa na mgonjwa anayefika hospitali ya pili akiwa na namba ya faili ya hospitali ya kwanza: jina ni lilelile, lakini namba haimo katika rejesta.

Jambo la msingi ni hili: anayetekeleza katazo ni mfumo endeshi unaoisoma diski, si diski yenyewe. Maudhui yako wazi. Kilichopo ni komeo lisilo na kufuli. Isitoshe, kundi la wasimamizi lina namba moja, S-1-5-32-544, katika kila kompyuta ya Windows. Ndiyo maana msimamizi wa kompyuta mpya ana njia halali ya kulifungua komeo hilo.

Kabla ya kuanza

Kwanza, ipatikane idhini ya maandishi ya mwenye kituo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na uwezo wa kufungua si ruhusa ya kufungua.

Pili, diski isikilizwe. Ikiwa inagonga au kukwaruza, izimwe mara moja na kupelekwa kwa mtaalamu wa uokoaji, kwa kuwa kila dakika ya kuzunguka inaweza kuongeza madhara.

Tatu, Windows ikipendekeza kuifomati au kuikarabati diski, jibu liwe hapana.

Nne, iandaliwe diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Nakala isiwekwe katika diski ileile inayookolewa.

Hatua za uokoaji

Njia iliyo salama zaidi ni kunakili bila kubadilisha ruhusa za asili. Dirisha la amri lifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi. Ikiwa diski ya zamani imepewa herufi E na diski ya nakala herufi D, iandikwe amri hii:

robocopy E:\Users\Muuguzi D:\Nakala /E /B /XJ /R:1 /W:1 /LOG:D:\ripoti.txt

Alama /E hunakili folda zote za ndani. Alama /B hutumia haki maalumu ya kutengeneza nakala rudufu, inayoiwezesha amri kusoma faili bila kuzuiwa na orodha ya ruhusa. Alama /XJ huruka njia za mkato za mfumo, ambazo zinaweza kuifanya kazi izunguke mahali pamoja. Alama /R:1 na /W:1 huagiza kujaribu tena mara moja tu baada ya sekunde moja. Bila hizo, amri hujaribu kila faili yenye hitilafu hadi mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Ripoti itaonyesha faili zilizonakiliwa na zilizoshindikana. Kwa kuwa amri hii haihamishi ruhusa za zamani, nakala hupokea ruhusa za mahali ilipowekwa na hufunguka kama kawaida.

Njia hiyo ikishindikana, msimamizi anaweza kuchukua umiliki wa folda, kisha kujipa ruhusa:

takeown /F E:\Users\Muuguzi /R /A /D Y

icacls E:\Users\Muuguzi /grant *S-1-5-32-544:F /T /C

Amri hizi hubadilisha diski ya asili. Hata kitufe cha kuendelea ambacho Windows huonyesha pale folda inapokataa kufunguka huongeza jina la mtumiaji katika orodha ya ruhusa kwa kudumu. Kwa hiyo amri hizi zielekezwe kwenye folda inayohitajika tu, kamwe zisielekezwe kwenye folda ya Windows ya diski itakayorudishwa kazini.

Kazi haijakamilika mpaka ripoti isomwe, faili kadhaa zifunguliwe, na majina ya wagonjwa walio hatarini yathibitishwe mbele ya muuguzi anayewafahamu.

Pale ambapo ruhusa si tatizo

Ikiwa diski ilisimbwa kwa BitLocker, hapo pana kufuli la kweli. Kuchukua umiliki hakusaidii. Huhitajika nywila yake au ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta au umechapishwa karatasini. Faili zilizosimbwa moja moja kwa EFS nazo huhitaji cheti cha mtumiaji wa awali.

Wajibu baada ya uokoaji

Alichofanya fundi kwa nia njema, mwingine anaweza kukifanya kwa nia mbaya. Nywila ya kuingilia Windows haizuii diski isiyosimbwa kusomwa katika kompyuta nyingine. Kompyuta chakavu inayouzwa ikiwa na diski yake huuzwa pamoja na siri za wagonjwa, na kufomati kwa haraka hakufuti maudhui yote ya diski ya sumaku.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Hivyo nakala zote za muda zifutwe katika kompyuta ya fundi, na diski ya zamani ifungiwe kabatini au iharibiwe. Kompyuta mpya isimbwe, na ufunguo wake utunzwe mbali nayo. Nakala rudufu itengenezwe kila wiki katika diski iliyosimbwa, na mara kwa mara ijaribiwe kufunguliwa.

Mama mwenye alama nyekundu ana haki mbili kwa wakati mmoja: kupigiwa simu kabla hali yake haijawa mbaya, na siri yake kutofika sokoni. Kituo kinachotimiza moja tu bado kina deni kwake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini akaunti mbili zenye jina moja katika kompyuta mbili hazitambuani?

2. Kuna tofauti gani kati ya kunakili kwa alama /B na kuchukua umiliki wa folda?

3. Katika kituo chako, ni taarifa zipi za wagonjwa zilizo katika kompyuta moja tu, na nani anayeweza kuisoma diski yake leo ikiibwa?