Chanjo ya Ng'ombe Iliyootesha Miti

Safari hii walimu wa sayansi ndio waliojaza mfuko wa barua, na mwanaikolojia wetu amezisoma zote. Waliouliza maana ya mzalishaji na mlaji amewarudisha kwenye kitabu cha kiada. Amechagua maswali yaliyomuudhi.

Wanafunzi wangu huchora mshale kutoka kwa simba kwenda kwa nyumbu, kwa kuwa simba ndiye anayekula. Nimewapa alama. Nimekosea?

Ndiyo. Mshale hufuata nishati inakokwenda, na nishati inaishia tumboni mwa simba.

Simba wakiisha Serengeti, nyumbu si watajaa mpaka wamalize nyasi?

Hili ndilo linalompandisha presha. Lawama anautupia ule mchoro wa ubaoni: nyasi, nyumbu, simba, basi. Mtoto anaondoka darasani akiamini kila mnyama ana adui mmoja, na adui huyo ndiye anayempimia idadi. Serengeti haiendi hivyo. Nyumbu wanaokufa kiangazi kwa kukosa lishe ni wengi kuliko wanaoliwa na simba na fisi. Kundi linahama kufuata mvua. Simba mwenye watoto wa kunyonyesha hawezi kulifuata.

Ambaye hachorwi kabisa ni kirusi cha sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki kabla ya 1900 ukafyeka ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Baadaye ng'ombe wa kandokando ya hifadhi wakachanjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ikatoweka kwa nyumbu, ambao hawakuchomwa sindano hata moja. Wakati huo walikuwa kama 250,000. Kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3, na simba nao wakaongezeka, sio wakapungua!

Hadithi haikuishia hapo. Vinywa vyote hivyo vilikula nyasi ambazo zamani zilibaki zikakauka, moto ukakosa cha kuunguza, miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua. Mwanafunzi akiweza kuufuata uzi huo kutoka kwenye bomba la sindano hadi kwenye mgunga, mpeni alama zote, hata kama mchoro wake umekaa kama wavu uliochanika.

Waozeshaji niwaweke mwisho wa mnyororo?

Hapana. Kila kiumbe kwenye mchoro kinatoa mshale kwenda kwao.

Tutamfukuzaje bundi aliyeingia kwenye dari la darasa?

Barua nne zimeuliza hili, na shule mojawapo imekwisha mwita mganga. Mganga arudishe hela. Shule inayolalamikia panya stoo, kisha inamfukuza anayewala, mwanaikolojia wetu hana subira nayo.

Isitoshe, huyo bundi ni maabara ya bure. Humeza panya mzima, kisha hutapika tonge la manyoya na mifupa. Matonge yaliyodondoka huokotwa kwa glavu, yakafungwa kwenye karatasi ya alumini na kuokwa ili kuua vijidudu, halafu yakaloweshwa. Wanafunzi huyapekua kwa vijiti na kuhesabu mafuvu: panya wangapi, virukanjia wangapi, ndege wangapi. Hapo mtandao wa chakula unachorwa kwa ushahidi, bila kunakili kitabu.

Walimu wa shule hizo nne wanaombwa waliache dari kama lilivyo, angalau mpaka makinda yaruke.