Kupiga Imeji ya Diski Kabla ya Masika, na Namna ya Kuijaribu

Wenye ofisi ndogo hapa Lushoto mjini, kuanzia steshenari za kuchapa barua na kutoa kopi hadi makarani wa shule na wa vyama vya kuweka na kukopa, aghalabu huniletea kompyuta zao baada ya radi kupiga au umeme kurudi kwa kishindo, ilhali wakati uliofaa kuja ulikuwa wiki iliyotangulia, diski ingali nzima. Jawabu nipewalo kwanza ni kwamba mafaili yote yamo kwenye flashi. Sikatai kuwa mafaili ndiyo roho ya kazi. Lakini mafaili hayawashi mashine, na aliyebaki na mafaili matupu sharti apige Windows upya, atafute draiva za printa, arudishe programu ya hesabu pamoja na leseni yake, ashushe masasisho yanayomaliza bando, na yamkini ayafanye yote hayo katika juma ambalo mvua imeporomosha udongo kwenye zile kilomita 33 za kona baina ya Mombo na Lushoto, na diski aliyoiagiza Tanga haijapanda. Kwa sababu hiyo nashauri kila mashine yenye kazi za watu ipigwe imeji, yaani nakala ya diski nzima pamoja na mfumo endeshi na sehemu zake za kuwashia, ambayo hurudishwa kwenye diski nyingine na mashine ikawaka kama ilivyokuwa.

Programu niitumiayo ni Clonezilla, ambayo ni ya bure na asili yake ni Taiwan. Huandikwa kwenye flashi kwa kutumia Rufus, na flashi hiyo ndiyo huiwasha mashine, Windows ikiwa imezimwa, kwa maana napendelea kunakili diski ambayo hakuna anayeiandikia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi utabonyeza F12 mara tu uwashapo, na kwenye HP utabonyeza F9.

Kabla ya hapo kuna mambo ambayo mwenye haraka huyaruka, kisha yakamrudia. La kwanza ni afya ya diski yenyewe: ikiwa imeanza kugonga-gonga au CrystalDiskInfo inaonyesha rangi ya hatari, usiilazimishe kwa Clonezilla, bali tumia ddrescue, ambayo huchukua kwanza palipo pazima na kurudia palipoharibika baadaye. La pili ni kuizima Windows kwelikweli, kwa kushika Shift unapochagua kuzima, kwani kwa kawaida yake haizimiki yote, huacha diski katika hali ya usingizi ambayo Clonezilla haiiamini. La tatu, na hili ndilo zito, ni BitLocker, kufuli la Windows la kuifunga diski. Laptopu nyingi za siku hizi huja zimefungwa kwa kufuli hilo pasipo mwenyewe kujua, na diski iliyofungwa hivyo hunakiliwa yote, hata penye utupu, imeji ikawa kubwa kama diski. Fauka ya hayo, siku ya kuirudisha mashine huweza kukudai ule ufunguo wa tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi, na karatasi usiiweke ndani ya begi la laptopu.

Kupiga imeji kwenyewe hakuna maajabu. Chomeka diski ya nje, chagua device-image, kisha savedisk, uipe imeji jina lenye tarehe, na ukubali inapouliza kama iikague imeji baada ya kuiandika. Laptopu iwe na chaji kamili na kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Kwa kuwa hunakili tu sehemu zilizotumika na kuzibana, diski ya GB 500 yenye GB 60 za vitu haitakula hata GB 60 za diski yako ya nje.

Wengi huishia hapo, nami ndipo nitofautianapo nao. Ule ukaguzi wa mwisho wa Clonezilla huthibitisha kuwa imeji inasomeka. Hauthibitishi kwamba mashine itawaka. Siihesabu imeji kuwa akiba mpaka iwe imekwisha kuiwasha mashine, diski ya asili ikiwa imetolewa na kulazwa kando juu ya meza.

Kuitoa huko ndiko kunakonipa usingizi mzuri. Clonezilla huziita diski kwa herufi, sda na sdb, na herufi hizo hubadilika kwa kadiri ulivyochomeka, hata mtu akarudisha imeji juu ya diski aliyokusudia kuiokoa. Nafungua mfuniko wa chini, nalegeza skrubu, naivuta diski ya asili, nachomeka ya majaribio mahali pake, ndipo nawasha kwa flashi na kuchagua restoredisk. Hapo hata kidole kikiteleza, hakuna cha thamani cha kuharibika. Diski ya majaribio isipungue ile ya asili hata kidogo: SSD ya GB 480 kwa kawaida itaikataa imeji ya diski ya GB 500, ijapokuwa kilichomo ni kichache.

Mwalimu mmoja mstaafu wa huko Soni alikuwa amekaa nami dukani nilipoijaribu ya kwake, akiitazama diski yake ya zamani juu ya meza kwa wasiwasi.

"Sasa mwanangu, kama kompyuta yangu ni hiyo hapo nje, humo ndani kunawaka nini?"

"Ni ileile, mwalimu, ila ya Jumatatu. Hebu ifungue wewe mwenyewe."

Akafungua barua zake, akaipata aliyoiandika mwisho, akataka pia ichapwe. Na alikuwa na haki, maana hivyo ndivyo jaribio litakiwavyo kuwa. Kuona picha ya Windows hakutoshi: fungua programu ya hesabu, tazama tarehe ya ingizo la mwisho, chapa karatasi moja. Mashine ikigoma kuwaka, nenda kwanza kwenye mipangilio yake ya BIOS ukatazame kama inawasha kwa UEFI au kwa mtindo wa zamani, kwani imeji iliyopigwa katika hali moja haiwaki kwa kawaida katika hali nyingine, hasa ukiihamishia kwenye mashine nyingine.

Imeji ikishafuzu, isilale chumba kimoja na kompyuta. Katika milima hii ya Usambara tunayo ibra ya kale: mimea mingi iliyokusanywa huku zama za Wajerumani, walioasisi kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, ilikaushwa ikapelekwa Berlin na kuhifadhiwa katika jumba la mimea la Dahlem, na mabomu ya Machi 1943 yalipoliteketeza jumba hilo, vielelezo vingi vilivyotumiwa kuipa mimea majina vikawa majivu. Pale ambapo nakala za matawi yaleyale zilikuwa zimekwisha kugawiwa bustani ya Kew huko Uingereza na kwingineko, elimu haikupotea; pasipokuwa na nakala, yalibaki maandishi tu.

Nakala ya pili, basi, naiteremsha Mombo kwa shemeji, ambako pia hakuna ukungu huu wetu unaoingia hadi kabatini. Nikiinakili, nalinganisha mafaili ya nakala zote mbili kwa sha256sum, na tarakimu zikihitilafiana hata moja nanakili tena. Kwa mashine ya steshenari napiga imeji mpya kila robo mwaka, na kila inapowekwa programu kubwa. Mafaili ya kila siku yanaendelea kwenda kwenye flashi kama kawaida.