SOMO LA LEO: UMEBADILISHA BIDHAA, WATEJA WANALALAMIKA

Wapambanaji, leo tujifunze kwa Land Rover Defender.

Ya zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016. Mpya ilipooneshwa 2019, mashabiki wengi wakawaka: hii siyo Defender tena! Malalamiko yao mimi nayagawa mafungu mawili.

1. SURA. Ya zamani ilikuwa na kona kona, mpya imelainishwa. Hayo ni mazoea, muda huyatuliza.

2. KAZI. Ile chasisi nzito ya chuma iliondolewa, elektroniki zikaongezeka. Mtu wa porini anauliza: ikizima huko, fundi ataiwasha kwa spana?

Defender mpya iliuzika vizuri tu. Ila hitaji la fungu la pili lilibaki, na Ineos, kampuni ya kemikali, ikaliona. Ikatoa Grenadier, yenye chasisi ile ya mtindo wa zamani.

Sasa wewe umebadilisha sabuni yako. Anayekomenti "nilipenda rangi ya mwanzo", mshukuru. Anayesema "siku hizi haitoi madoa", mfuate inboksi, muulize vizuri, rekebisha. Usipomsikiliza, kuna mwenzako atamuuzia.