Mnara wa Tenki: Panua Miguu Kwanza

Kati ya Iringa na Mbeya, mtu akitaka kuinua tenki la maji nyuma ya nyumba, swali la kwanza kwa fundi huwa ni unene wa nguzo. Mimi ningeanza na umbo, maana ndilo linaloamua hela ya mbao itafanya kazi kiasi gani.

Upepo ukisukuma tenki, miguu ya upande unakotokea huvutwa juu, ya upande wa pili hukandamizwa. Ukizidisha nafasi kati ya miguu mara mbili, nguvu hiyo hupungua nusu bila kuongeza nguzo. Kwa mnara wa mita 4, chini nisingekubali upana wa chini ya mita 2, hata kama jukwaa la juu ni dogo kuliko hapo. Mnara wa Eiffel wa Paris, uliokamilika 1889, umetanua miguu kwa sababu hiyohiyo ya upepo.

Halafu pembetatu. Fremu ya mraba ukiisukuma kona, inalala. Ya pembetatu hailali mpaka mbao ivunjike au kiungo king'oke. Fundi wa kenchi analijua hili akiwa juu ya paa. Akishuka kujenga mnara, sijui hulisahau vipi! Piga mbao za mshazari pande zote nne, ukifunga kwa bolti. Zishike nguzo katikati pia: nguzo ndefu nyembamba ikishikwa nusu ya urefu wake, uzito inaoweza kubeba bila kupinda hufika mara nne.

Tenki la lita 2,000 likijaa lina tani 2 za maji, kwa hiyo kila mguu ukae juu ya zege. Lakini hatari ya kupinduliwa ni kubwa zaidi tenki likiwa tupu, hasa kiangazi, maji yakiwa yamekatika na upepo wa Makambako ukivuma. Lifunge kwenye jukwaa, na miguu uifunge kwenye zege kwa vyuma. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huwa mara nne. Basi usiupe upepo eneo zaidi la kusukuma kwa kuzungushia miguu mabati ili upate stoo.

Paina ya Sao Hill isiyotiwa dawa isiguse udongo. Na Mbeya, iliyo ndani ya Bonde la Ufa lenye matetemeko, usiinue tenki juu kuliko unavyohitaji. Ukizidi mita 4 au lita 2,000, mwite mhandisi kabla hujanunua mbao.