Samaki wa Mvuke kwa Wenye Mzio

Tunapopikia wageni hapa Mwananyamala tukumbuke kuwa mzio wa chakula unaweza kuziba pumzi ya mtu. Wachina wa Guangdong hupika samaki mzima kwa mvuke, kisha humwagia sosi ya soya na mafuta ya moto. Sosi hiyo kwa kawaida ina ngano pia. Tutumie chumvi na ndimu, na mafuta ya alizeti badala ya ufuta au karanga.

Changu wa nusu kilo kutoka Feri, mwenye tangawizi tumboni, huiva kwa dakika 10 hivi juu ya maji yanayochemka, sufuria ikifunikwa. Jodari aliyekaa juani tusimnunue hata kwa bei ya kutupa: hujenga sumu inayowasha mwili, na moto hauiondoi. Mwenye mzio wa samaki wenyewe apikiwe kingine, mbali na mvuke huo.