Sufuria za Alumini na Afya Yetu

Likizo iliyopita nilikwenda kumwamkia mama mdogo, nikakuta sufuria zake zote tano zimepangwa uani chini ya mwembe, zikimngoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kuwa jirani amemwambia ati sufuria za alumini huleta ugonjwa wa kusahau, na kwamba ndizo zilizomdhuru babu yetu, ambaye siku hizi husahau hata majina ya wajukuu wake. Mama mdogo hana fedha za kununua sufuria nyingine. Nikamwomba azirudishe ndani mpaka nitakapouliza shuleni. Basi nimemwuliza mwalimu wetu wa kemia, nimesoma vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yafaa tuijue alumini yenyewe. Katika gamba la dunia hakuna metali iliyo nyingi kuliko hiyo. Ni kadiri ya sehemu 8 katika kila sehemu 100 za uzito wake. Imo katika shamba tunalolima na katika udongo wa mfinyanzi. Lakini humo haikai peke yake. Imeshikana na oksijeni na vitu vingine, wala haiachani navyo kwa urahisi. Mwaka 1825 Hans Christian Ørsted wa Denmark alifaulu kupata kidogo tu, na kwa miaka mingi ikawa kitu cha thamani kubwa. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja mbali na mwenzake, waligundua njia ya kuitenga kwa nguvu za umeme. Tangu hapo bei ilishuka, alumini ikaingia jikoni. Neno letu "sufuria" latokana na "sufuri", yaani shaba, kwa maana sufuria za kale zilikuwa za shaba. Jina limebaki, metali imebadilika.

Alumini ikiguswa na hewa hujivika ngozi nyembamba sana, na ngozi hiyo ndiyo inayoikinga isiliwe. Ngozi hii ina adui wawili wakubwa jikoni, nao ni vitu vichachu na magadi. Jambo hili waweza kuliona bila ya kuingia maabara. Chemsha maji matupu katika sufuria kwa siku nyingi, utaona ndani yake pameingia weusi. Kisha pika humo mchuzi wa ukwaju au wa nyanya nyingi. Utakapoiosha, utaikuta inang'aa kama mpya. Sisi tulio zamu ya kuosha vyombo huifurahia siku hiyo, kwa kuwa hatuna haja ya kusugua sana. Lakini hebu tujiulize: ule weusi umekwenda wapi? Haukwenda na maji ya kuoshea. Umeyeyuka katika mchuzi, nasi tumeula.

Je, alumini hiyo yafanya nini mwilini? Kwa mtu mzima wa afya, sehemu isiyofika 1 katika 100 ndiyo huingia katika damu. Iliyobaki hutoka pamoja na choo. Hata ile iliyoingia katika damu, nyingi huchujwa na figo ikatoka katika mkojo. Tena sufuria siyo mlango wake wa pekee. Mchai hufyonza alumini kutoka ardhini na kuiweka katika majani yake. Shabu, ambayo watu huitumia kutuliza tope la maji, ni chumvi ya alumini. Na baadhi ya vidonge vya kiungulia vina alumini nyingi sana, hata kidonge kimoja chaweza kushinda chakula cha siku nzima.

Mwaka 2011 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka mpaka wa miligramu 2 kwa juma kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mtu wa kilo 60, basi, mpaka wake ni miligramu 120 kwa juma.

Hatari iliyo wazi ni kwa wagonjwa wa figo. Katika miaka ya 1970, huko Denver, Marekani, wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walianza kushindwa kusema sawasawa, wakachanganyikiwa, na wengine wakafa. Mwaka 1976 daktari Allen Alfrey na wenzake walieleza kuwa walikuta alumini nyingi katika ubongo wa waliokufa. Ilikuwa imetoka katika dawa walizomeza na katika maji ya mashine, na figo zao hazikuweza kuitoa. Ndiyo sababu siku hizi maji ya mashine hizo husafishwa kwa uangalifu mkubwa.

Na ule ugonjwa wa kusahau, unaoitwa Alzheimer? Habari yake ilianza mwaka 1965, wataalamu wa Marekani walipowadunga sungura chumvi ya alumini, wakaona nyuzi zilizojisokota katika chembe za ubongo. Dunia ikashtuka. Lakini baadaye ilionekana kuwa nyuzi zile si sawa na zile za wagonjwa. Uchunguzi umefanywa miaka mingi tangu hapo, wala haujathibitisha kwamba sufuria ndiyo inayoleta ugonjwa huu.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa nasema sufuria zote ni salama. Mwaka 2017 ilichapishwa ripoti ya watafiti waliochemsha siki hafifu kwa saa 2 katika vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo. Kwa wastani, kiasi cha chakula cha mtu mmoja kilipata miligramu 125 za alumini. Msomaji alinganishe na ule mpaka wa juma zima! Ni kweli kuwa siki kwa saa 2 ni mtihani mkali, lakini nani kati yetu hajala mchuzi wa ukwaju uliolala katika sufuria? Tena vyombo 15 kati ya hivyo vilitoa na risasi, metali itumikayo katika betri za magari. Sufuria za kusubu huweza kutengenezwa kwa vyuma chakavu vya kila namna vilivyoyeyushwa pamoja, na fundi hana macho ya kuiona risasi iliyomo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, wala hakijajulikana kiasi chake kisicho na madhara. Kwa maoni yangu, jambo hili latupasa kuliogopa kuliko alumini yenyewe.

Kwa hiyo hapana budi tufanye haya. Kwanza, vyakula vya ukwaju, ndimu, siki, nyanya nyingi au magadi vipikwe katika chungu cha udongo au chombo cha chuma cha pua. Wali, ugali na maji havina neno. Pili, chakula kisilazwe katika sufuria. Kihamishiwe katika bakuli. Tatu, sufuria mpya ichemshwe maji kwanza, wala isisuguliwe kwa mchanga kila siku mpaka ngozi yake ikaisha. Nne, sufuria ya kusubu isiyojulikana asili yake isipikiwe watoto. Tano, mwenye ugonjwa wa figo asimeze vidonge vya kiungulia bila ya kumwuliza daktari.

Haya yote nimemwandikia mama mdogo. Nimemwomba asiziuze zile sufuria, ila ukwaju aupike katika chungu chake cha zamani. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini neno kubwa kuliko yote nimeliweka mwisho wa barua: babu apelekwe hospitali. Kusahau kwa mzee kuna sababu nyingi, na nyingine zatibika, kama vile upungufu wa vitamini au madhara ya dawa anazotumia. Tukiendelea kuilaumu sufuria, tutakuwa tumempata wa kumshitaki, na babu atakuwa bado hajapata wa kumtibu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV